Ukuta wa Nje Haumzuii Mtoto wa Ndani



Ukipita Mbezi Beach, Masaki au Kigamboni, au ukivuka mpaka ukaingia Nyali na Mtwapa, utaziona nyumba zilizozungushiwa ukuta uliozidi kimo cha mtu, juu yake nyaya za umeme au vipande vya chupa, na geti la chuma lenye mlinzi. Mwenye nyumba ya namna hiyo ukimuuliza kama bwawa lake la kuogelea lina uzio, atakunyooshea kidole ukutani. "Huoni? Nyumba nzima imezungushiwa." Na hasemi uongo. Ukuta upo, ni imara, na umemgharimu fedha nyingi. Ila ulijengwa kwa ajili ya mtu anayetoka nje akitaka kuingia. Mtoto wa miaka miwili yumo ndani tayari. Kati ya kitanda chake na maji upo mlango wa sebule tu, na mlango wa sebule mchana hukaa wazi ili upepo upite.

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya uzio wa bwawa la nyumbani: usimame wapi, utengenezwe kwa kitu gani, na geti lake lifanye kazi vipi. Zamani bwawa la kuogelea lilikuwa jambo la hoteli na klabu. Siku hizi liko kwenye nyumba za familia, kwenye majengo ya apatimenti, na kwenye nyumba za kupangisha wageni kule Diani, Watamu, Paje na Nungwi. Na katika nyingi nilizoingia, fedha imekwenda kwenye vigae, kwenye taa za chini ya maji na kwenye maporomoko ya mapambo, halafu bwawa lenyewe limeachwa wazi pande zote.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofikisha miaka 5. Kwetu wengi hufia ziwani, mtoni, baharini, kwenye visima na madimbwi. Bwawa la nyumbani ni sehemu ndogo ya msiba huo, lakini ni sehemu yenye mwenyewe. Ziwa Victoria hakuna awezaye kulizungushia uzio. Bwawa la mita 4 kwa 8 lina mtu aliyeamua lichimbwe, aliyemlipa fundi, na anayeweza kuamua wiki hii hii kwamba mtoto asilifikie peke yake.

Watu wengi hudhani mtoto akitumbukia atapiga kelele, maji yataruka, na mtu atasikia. Haiwi hivyo. Mtoto mdogo ana kichwa kizito kikilinganishwa na mwili wake, kwa hiyo akiinama kuokota mpira ukingoni hutangulia kichwa. Akiwa majini, mdomo ukitokeza juu ni kwa kitambo kidogo cha kuvuta pumzi, na pumzi hiyo haitoshi kulia. Anazama kimya huku watu wamekaa hatua chache kutoka hapo. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika 4 hadi 6 huanza kuharibika kwa namna isiyorekebishika. Dakika 4 ni muda wa kujibu simu. Ni muda wa kumlipa bodaboda aliyeleta mzigo getini na kusubiri akutafutie chenji.

Tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa iliwahi kuchunguza ajali za watoto wasiofikisha miaka 5 katika mabwawa ya nyumbani kwenye majimbo ya Arizona, California na Florida. Karibu nusu ya watoto hao walionekana mara ya mwisho wakiwa ndani ya nyumba. Zaidi ya robo tatu walikuwa wametoweka machoni kwa dakika 5 au pungufu. Na wengi walikuwa chini ya uangalizi wa baba, mama, au wote wawili. Hawa hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa nyumbani na watoto wao, wakifanya kazi za nyumbani kama wewe na mimi. Kumwambia mama "mwangalie mtoto" ni haki, lakini hakuna jicho la binadamu linaloweza kukaa juu ya mtoto kutwa nzima, siku zote saba za wiki. Uzio upo kwa ajili ya zile dakika ambazo jicho limegeuka.

Sasa uzio wenyewe uwe wa namna gani? Swali la kwanza kabisa, kabla ya chuma au kioo, ni pande ngapi. Wengi huzungusha pande tatu na kuuacha ukuta wa nyumba uwe upande wa nne, kwa sababu inapunguza gharama na inapendeza: unatoka sebuleni moja kwa moja hadi kwenye maji. Mwaka 1998 watafiti wawili, Thompson na Rivara, walikusanya tafiti zilizofanywa juu ya uzio wa mabwawa na watoto waliozama. Walipolinganisha bwawa lililozungushiwa pande zote nne na bwawa ambalo upande mmoja ni nyumba yenyewe, hatari ya mtoto kuzama ilikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 83 kwenye lile la pande nne. Sababu mtu hahitaji kuitafuta mbali: mtoto hutokea nyumbani. Uzio wa pande tatu unamfungia kila mtu njia isipokuwa yeye.

Najua pingamizi litakalokuja. Mchoraji wa nyumba atasema uzio unaua mandhari. Baba atasema, "Nimejenga bwawa ili nilione nikiwa nimekaa kibarazani." Namwelewa, na hana haja ya kulipoteza. Uzio si lazima uzungushe bustani yote. Usogeze karibu na maji, uache nafasi ya kutosha watu kupita na kukauka, na kibaraza, meza ya chakula na jiko la kuchomea nyama vibaki upande wa nyumba. Tena uzio uwe wa kuonekana ng'ambo. Mimi simshauri mtu azungushie bwawa ukuta wa matofali wala kuti wala mianzi iliyobanana, hata ikipendeza vipi, kwa sababu siku mtoto atakapopenya hutamwona. Na ua wa michongoma usiuhesabu. Mtoto hupita chini ya michongoma kama kuku.

Kwa vipimo, Waaustralia ndio wenye uzoefu mrefu na kanuni kali, nami navichukua vipimo vyao bila kusita. Kwao, bwawa lolote linaloweza kuwa na maji ya kina cha zaidi ya sentimita 30 lazima liwe na uzio, na hapo yanaingia hata yale mabwawa ya plastiki ya kujaza upepo ambayo sasa yanauzwa mpaka Kariakoo. Katika jimbo la New South Wales, mtu anayeuza nyumba yenye bwawa lazima mkataba uambatane na cheti kinachoonyesha uzio ulikaguliwa na ukakutwaje. Kimo cha uzio kisipungue mita 1.2, na kipimwe kutoka upande wa nje, pale mtoto anaposimama. Hapa mafundi wengi hukosea: wanapima kutoka upande wa maji, kisha bustani upande wa pili inajazwa udongo na kupandwa maua, na uzio wa mita 1.2 unabaki wa sentimita 80. Nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 10, na chini, kati ya uzio na ardhi, vivyo hivyo. Penye mchanga au majani, mvua za masika humomonyoa udongo na kufungua tundu. Kwa hiyo mwaga ukanda wa zege chini ya uzio.

Nilisimama kwenye karakana moja ya kuchomelea kando ya barabara, pale wanapopanga mageti na magrili nje ili wapita njia wayaone. Palikuwa na uzio mzuri, umepigwa rangi nyeusi, vyuma vyake vyote vimelazwa kutoka kushoto kwenda kulia. Fundi aliniambia, "Bosi, hii ndiyo fasheni. Vya wima vimepitwa na wakati." Kabla sijamjibu, mtoto wa mama ntilie wa jirani, wa miaka kama minne, alikwishafika kwenye chuma cha tatu, mguu mmoja unatafuta cha nne. Uzio wa vyuma vya kulala ni ngazi. Fundi alimshusha yule mtoto, akachukua chaki, akauliza, "Sasa vya wima niache nafasi gani?" Nilimjibu akate kipande cha mbao chenye upana wa sentimita 10 na kila chuma akipime kwa hicho. Kikipita kwa urahisi, nafasi ni kubwa mno.

Vyuma viwe vya wima, basi. Vile viwili vya kulala vinavyoshika uzio, kimoja chini na kimoja juu, viachane angalau sentimita 90 ili mtoto asipate pa kukanyaga katikati. Maua ya chuma na ile mizunguko ya urembo iende kwenye madirisha. Kwenye bwawa kila ua ni pa kuweka kidole cha mguu.

Halafu kuna vitu vinavyosogezwa. Nilialikwa kwenye sherehe ya arobaini ya mtoto katika nyumba moja yenye bwawa. Mwenye nyumba alikuwa amefanya kazi nzuri: pande nne, alumini, wima, geti la springi. Lakini siku ile kreti za soda zilikuwa zimepangwa mbili mbili zikiegemea uzio upande wa nyumba, na pembeni yake viti vya plastiki vimebebanishwa. Geti lenyewe lilikuwa limefungwa wazi kwa kamba ya katani, ili vijana wanaobeba masinia ya pilau wapite bila kusumbuka. Watoto walikuwa wengi, wakubwa walikuwa wengi zaidi, na kila mkubwa aliamini mwingine anaangalia. Mama mmoja mtu mzima ndiye aliyekwenda akaifungua ile kamba, akaitia mfukoni, akavuta kiti akakaa karibu na geti mpaka sherehe ilipokwisha. Hakumgombeza mtu. Nadhani kila sherehe yenye bwawa inahitaji mtu wa namna yake, aliyetajwa kwa jina mapema, asiyegawa chakula wala kushika simu, na akichoka amkabidhi mwingine kwa mdomo.

Kanuni ya Waaustralia inasema pawepo na eneo la sentimita 90 kwenye uzio ambalo mtoto hawezi kulitumia kupandia. Kwa lugha ya nyumbani: chungu cha maua, boksi la pampu, mashine ya nje ya kiyoyozi, jenereta, tangi la maji, tawi la mwembe, vyote vikae mbali na uzio kwa hatua nzima ya mtu mzima. Viti vya plastiki vina tatizo zaidi kwa sababu mtoto mwenyewe anaweza kukiburuta kimoja. Vikishatumika virudi ndani.

Tuje kwenye malighafi, na hapa nitazungumza zaidi na watu wa pwani, maana hewa yetu ina chumvi na chumvi haina huruma. Paipu za mraba za chuma cha kawaida ndizo rahisi kupatikana, na fundi yeyote anazijua. Zinafaa, ila zina maradhi yanayoanzia ndani. Fundi akiacha ncha ya paipu wazi, unyevu unaingia, chuma kinalika kutoka ndani huku rangi ya nje ikionekana nzima, mpaka siku mtu anaegemea na kinakatika. Mahali pengine pabaya ni pale nguzo inapoingia kwenye zege: maji hutuama pale na kutu hula mzunguko mzima. Kwa hiyo mwambie fundi azibe ncha zote, alama za kuchomelea azisage na kuzipiga rangi ya kuzuia kutu mara moja, siku hiyo hiyo, na zege la chini ya nguzo aliinamishe ili maji yatiririke. Ikiwezekana, uzio ukishachomelewa upelekwe ukachovywe zinki. Na kila mwaka upite na nyundo ndogo ukigonga nguzo moja moja. Iliyooza ina mlio wake.

Alumini haishiki kutu kama chuma, ni nyepesi, na ikiwa imepakwa rangi ya unga iliyookwa hudumu miaka mingi hata karibu na bahari. Kama mfuko unaruhusu, mimi ningeichagua hiyo kabla ya nyingine zote. Chuma kisichoshika kutu nacho kina madaraja: kile cha daraja la 304 kikikaa karibu na bahari hutokeza madoa ya kahawia, cha daraja la 316 huvumilia zaidi. Muuzaji asipojua anauza daraja gani, nenda kwa mwingine.

Kioo ndicho kinachopendwa na wachoraji, kwa sababu macho yanapita kana kwamba hakuna kitu. Ni chaguo zuri kwa usalama pia, maana hakina pa kukanyaga na mtoto anaonekana. Lakini kiwe kioo kilichopikwa kwa ajili ya usalama, chenye muhuri wa kiwanda kwenye kona, na kile kinachosimama bila fremu kwa kawaida ni cha milimita 12. Kioo cha aina hiyo kikishapikwa hakikatwi tena wala kutobolewa, kwa hiyo vipimo vichukuliwe kwa makini kabla ya kuagiza. Gharama yake kubwa iko kwenye bawaba na komeo. Watu huokoa fedha hapo, na hapo ndipo uzio wa kioo unapoharibika kwanza.

Wavu wa senyenge nauweka mwisho. Matundu yake ni ya kutia vidole vya mguu vya mtoto. Australia wanasema wavu wenye matundu yanayozidi milimita 13 lazima upande hadi mita 1.8, na sababu ni hiyo. Boriti za mikoko na mbao zinapendeza kwenye nyumba za kitalii, lakini mchwa na jua huziachanisha, na nafasi iliyokuwa ya sentimita 8 mwaka wa kwanza inakuwa ya 12 mwaka wa tatu.

Sasa geti. Msikilizaji, ukisahau yote niliyosema, shika hili la geti. Uzio wenyewe ni chuma kilichosimama, hauna kazi ya kufanya. Geti lina kazi kila siku, na hufunguliwa na watu waliobeba taulo, watoto na sahani, ambao mkono wao wa pili haupo. Kwa hiyo geti lijifunge lenyewe na lijikomee lenyewe, bila mtu kukumbuka. Bawaba ziwe za springi. Lifunguke kwa kwenda nje, kutoka upande wa maji kuelekea upande wa nyumba. Hivyo mtoto akilisukuma kutoka upande wa nyumba, hata kama halikushika vizuri, anazidi kulifunga. Komeo liwe juu, mita 1.5 kutoka ardhini, mahali ambapo mtoto mdogo hafikii. Yapo makomeo ya sumaku yanayovutwa kwa juu, na kwa hali yetu ya kutu nayaona bora kuliko yale ya ulimi wa chuma unaoteleza, ambao baada ya mwaka mmoja wa hewa ya bahari hugoma. Kama komeo limewekwa upande wa ndani, pawe na bamba la kuzuia mkono mdogo usipenye kwenye vyuma na kulifikia.

Na lijaribiwe hivi: lifungue mpaka mwisho uliachie, kisha lifungue kiasi cha shubiri tu uliachie. Mafundi hujaribu ile ya kwanza, kwa sababu geti likija kwa kasi hujikomea hata kama springi ni dhaifu. Ile ya shubiri ndiyo inayosema kweli, na ndiyo inayofanana na jinsi watu wanavyopita. Lisipojikomea kwa shubiri, fundi hajamaliza kazi na asilipwe malipo ya mwisho.

Wapo watakaouliza juu ya mifuniko na kengele za tahadhari. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 3 Januari 2003, iliamuru mabwawa binafsi yaliyochimbwa ardhini yawe na mojawapo ya vitu vinne: uzio, kengele, mfuniko wa usalama, au kibanda kinachofunika bwawa zima, na anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi euro 45,000. Ni sheria nzuri kwa kuwa imemfanya kila mwenye bwawa afanye jambo. Lakini mimi vitu hivyo vinne sivipi uzito sawa. Kengele inalia mtoto akiwa tayari majini, na kwetu ambako umeme hukatika na betri husahauliwa, sitaki uhai wa mtoto uitegemee. Mfuniko mgumu ni mzuri siku unapofunikwa. Ila ule mfuniko mwembamba wa plastiki wenye mapovu, unaowekwa kupasha maji joto, ni hatari kabisa: mtoto akiukanyaga unazama naye, kisha unamfunika asionekane. Ukiwa nao, uondolewe wote kabla mtu hajaingia majini. Kengele na mfuniko mgumu viongezwe pamoja na uzio, visichukue nafasi yake.

Lipo jambo jingine la kwetu ambalo vitabu vya wenzetu haviliandiki. Nyumba zetu hujengwa kidogo kidogo. Shimo la bwawa linachimbwa mwaka huu, fedha zinakatika, vigae vinasubiri miaka miwili. Masika inafika na shimo linajaa maji ya rangi ya chai au ya kijani, hakuna anayeona chini, na watoto wa mtaa wanaingia kwa sababu kiwanja bado hakina geti. Shimo hilo linataka kuzungushiwa mabati siku ile ile linapochimbwa. Hali kadhalika tangi la chini la kuhifadhia maji: mfuniko wa zege au chuma, wenye kufuli, na kipande kilichovunjika kisizibwe kwa ubao.

Nataka pia niseme juu ya watoto wasiohesabiwa wakati ramani inachorwa. Mwenye nyumba husema, "Wanangu ni wakubwa, wanajua kuogelea." Sawa. Lakini nyuma ya nyumba, kwenye chumba cha uani, dada wa kazi au mlinzi huenda ana mtoto wake mdogo ambaye hajawahi kufundishwa kuogelea. Wajukuu wanakuja likizo. Jirani anakuja na kitoto chake kuomba pasi. Uzio haumuulizi mtoto ni wa nani. Na dada na mlinzi, kwa kuwa ndio wanaobaki nyumbani mchana, wafundishwe na mtu anayejua la kufanya mtoto akitolewa majini hapumui: alazwe chali, apulizwe pumzi mdomoni, akandamizwe kifua, huku mwingine akiita msaada. Asining'inizwe kichwa chini wala kubinywa tumbo, kama wengi tulivyozoea kuona. Wakati unapotea bure.

Kwako unayekodi nyumba ya likizo, uliza kabla ya kutuma fedha: bwawa lina uzio? Unasimama kati ya vyumba vya kulala na maji, au ni ukuta wa kiwanja? Omba picha ya geti. Mwenye nyumba akijibu kwamba kuna mlinzi saa zote, hajajibu swali lako. Wageni wakianza kuuliza hivyo, wenye nyumba watawaita mafundi haraka kuliko barua yoyote itakavyowafanya waite.

Nao wahandisi wa halmashauri na wa kaunti nawaomba jambo moja. Afrika Kusini, kanuni zao za taifa za ujenzi zinamtaka mwenye bwawa ahakikishe kwamba njia ya kulifikia inadhibitiwa. Nanyi mnapoletewa ramani yenye bwawa, kabla muhuri haujagongwa, muulizeni mwenye nyumba awaonyeshe kwenye karatasi mstari wa uzio na mahali geti lilipo. Uzio uliochorwa tangu mwanzo huingia kwenye hesabu pamoja na vigae. Ule unaokumbukwa baadaye hungoja fedha ya baadaye.

Na wewe mwenye bwawa lililokwisha kujengwa na lenye geti, kipindi kikiisha toka nje. Lifungue geti la bwawa kiasi cha shubiri, uliachie. Lisipojikomea lenyewe, mpigie fundi kesho asubuhi, na mpaka atakapofika litie kufuli. Kama halina geti wala uzio, anza na kipimo: chukua futi kamba, zunguka bwawa pande zote nne, andika jumla ya mita, uende nayo karakana kesho.